Alama ya Penseli

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako, zimejaa mpaka zinamwagika. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na cherehani yako imeacha ule uchokozi wa kukata uzi kila ukiwa na haraka. Wateja wa mapazia bado wanabadilisha vipimo ukishakata kitambaa? Na paka je, alikuwa na mimba au alinenepa tu? Mimi ni mzima wa afya, nimenawiri, sketi zangu mbili hazifungi tena kiunoni, na ukiniona utadhani nimemeza taa. Leo ndoa yangu imetimiza miezi mitano na siku sita. Ndiyo, nahesabu. Cheka tu.

Nimekupigia simu mara nyingi tangu arusi. Hupokei, na ukipokea unasema una nguo ya mtu mkononi, utanipigia baadaye, halafu kimya. Basi nimeamua kuandika. Haya ninayotaka kukueleza yanataka mtu akae chini, na simu huwa tunaongea tumesimama.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Tuna vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mwenye nyumba, bomba la maji liko uani, na dirisha la kwetu linafunguka mpaka nusu kwa sababu nusu ya pili inagonga ukuta wa jirani. Tuna meza moja: asubuhi ni ya chai, mchana ni ofisi yangu, jioni ni ya vyombo. Na nina mume, dada! Sijui nianzie wapi. Ana masikio yanayotangulia mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza hata akiwa amelala. Akila anasema asante kwa kila kitu, mpaka chumvi. Na jambo linaloniyeyusha kuliko yote, hubisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Kila siku akitoka kazini anasimama nje, anabisha, anangoja nimkaribishe. Mara ya kwanza nilicheka nikamwuliza kama amepotea nyumba. Akasema ni mazoea ya kazi, kwamba miaka minne sasa haingii chumba cha mwanamke bila kukaribishwa. Nilimkaribisha huku natabasamu, halafu nikakaa nikawaza ni milango ya wanawake gani hiyo iliyomfundisha mume wangu adabu kabla yangu. Unaona nilivyo? Hata nikipewa asali naikagua.

Asubuhi huku ni baridi, kwa hiyo nafanya kazi nikiwa nimevaa sweta yangu ya shule, ile ile ya bluu. Unakumbuka uliponinunulia naingia kidato cha kwanza, kubwa kama ya mwalimu, ukakunja mikono yake mara nne na kuishona kwa ndani, ukasema kila mwaka utafungua mkunjo mmoja mpaka inifikishe mwisho? Darasa zima wakaniita Bi Mikono. Mkunjo wa nne ulibaki, kwa sababu shule iliisha kabla yake. Nilimsimulia mchumba wangu kisa hicho wiki moja baada ya posa, nikicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Aliishika ile sweta, akaugusa mkunjo kwa kidole gumba, kisha akasema anakwenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa. Nikasema moyoni, mwanamume huyu ana moyo laini kiasi kwamba hata sweta inamliza. Nikampenda mara mbili.

Tulivyokutana unajua, lakini nisiporudia nitapasuka. Alikuja pale dukani tulipokuwa tunachapa na kutoa kopi, akiwa na karatasi za maswali ya utafiti wake. Bosi wangu alisoma swali la kwanza na la pili, akazisukuma karatasi kwa ncha ya kalamu kama zimelowa, akasema duka lake linahudumia shule na ofisi za heshima. Mbili zilianguka. Yeye akainama akaziokota, akazipangusa, akamshukuru bosi. Akamshukuru, dada! Bosi alipokwenda kula nilimkimbilia mpaka kituoni, nikamrudisha, nikamtolea kopi sitini huku moyo unanidunda kuliko mashine. Siku ile nilijua nimekwisha.

Kazi yake ni kusikiliza wanawake wanaouza miili yao. Anawauliza wanavyoishi, wanavyotendewa hospitali na polisi, anaandika, ili siku moja wakubwa wasome waache kuwaweka mwisho wa foleni. Hiyo tu. Lakini watu, lo! Mama mwenye nyumba alipojua aliwaita wapangaji wote uani akawaambia kila mwenye binti afunge mlango. Kinyozi wa hapa jirani humpaka mume wangu spiriti mara mbili, na mashine yenyewe huichemshia maji, mpaka siku moja iliungua. Kule chuoni ofisi yake wamempa chini ya ngazi, ukuta mmoja na stoo ya mifagio, na wenzake humwita Daktari wa Vichochoro. Yeye husema ana rafiki anayechunguza dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba na yeye ni dumuzi.

Shangazi yetu ndiye aliyenimaliza. Siku ya posa alisema mbele ya wakwe kwamba mwanamume anayelipwa kukaa na malaya, siku asipolipwa atakaa nao bure. Watu wakacheka, na mimi nikacheka ili nisilie. Kwa hiyo, dada, uliposhindwa kuja arusini, ukatuma ujumbe kwamba una oda ya sare za watu, nilijua, au nilidhani najua. Kiti chako kilikuwa mstari wa mbele, nilikizuia kwa mkoba wangu mpaka keki ikakatwa. Nikasema, kumbe hata yeye. Hata yeye anaona aibu na mume wangu. Nilipomlalamikia bwana arusi alinishika mkono akasema nisikulaumu. Kila nilipolisema jambo hilo baadaye alirudia maneno hayo hayo, nisikulaumu. Nikaona ni ule upole wake tu.

Sasa nikwambie jinsi shetani wa wivu alivyopata kazi ya kudumu kwangu. Mwezi wa pili wa ndoa, mchapaji wake wa chuoni aliacha kazi kwa sababu mama mkwe wake alisema vidole vinavyochapa mambo hayo visimpikie. Mume wangu hana kifaa cha kurekodi sauti, wale wanawake hawataki. Huandika yote kwa mkono, na mkono wake ni kama kuku amepita. Nikamwambia mkeo ni mchapaji, unahangaika na nini? Alisita sana. Mwishowe akanipa karatasi ya kiapo cha siri, nikaisoma na kutia sahihi hapa hapa mezani. Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza, wanawake hawana majina, wana namba, na sitauliza kamwe namba fulani ni nani. Ya pili, nikiwa nachapa nikahisi kwamba mtu huyu namjua, niache hapo hapo, niweke alama ya penseli juu ya ukurasa, nimrudishie jalada, nisiseme neno. Si kwake, si kwa mtu. Nilitia sahihi kwa mbwembwe. Mimi nitamjua nani huko!

Majalada yalikuwa ishirini na manne. Niliyafungua kama mke anayefungua simu ya mumewe. Namba Tatu alimwambia ana macho ya mtu mwaminifu, nikachapa sentensi hiyo kwa nguvu mpaka jirani akauliza nini kinagongwa. Namba Kumi na Saba alimcheka viatu, nikampenda kidogo. Wengine waliniliza, sikufichi, na polepole nikaanza kuwaza habari zao nikiwa bombani, na wenzangu pale wakinichokoza leo mumeo ana utafiti au yuko nyumbani, nikawa sijibu kwa hasira kama zamani. Lakini wivu haukuondoka. Wote hao walimjua kabla yangu. Walijua anavyocheka akiwa amechoka. Mimi nilikuwa wa ishirini na tano.

Kisha nikagundua kwamba nina majalada ishirini na matatu. La Namba Tisa halikuwepo.

Nilimwuliza, akasema hilo atalichapa mwenyewe. Mume wangu, dada, anachapa kwa vidole viwili! Ukurasa mmoja unamchukua asubuhi nzima. Lakini Jumamosi alikaa na jalada lile mgongo ukutani, akidonoa herufi, na mara akatabasamu peke yake. Nilikuwa nachambua mchele. Nilimwuliza kinachochekesha ni nini, akasema huyu mwanamke ana akili sana. Akafunga jalada, akalitia kwenye droo, akageuza ufunguo. Mchele wote wa siku ile ulikuwa na mawe.

Tangu hapo nilikuwa naishi na watu wawili ndani ya nyumba. Nilimpa Namba Tisa kiuno, nikampa sauti ya chini, nikampa meno yenye mwanya. Nikipika nilijiuliza yeye angeweka chumvi kiasi gani. Nilinusa mashati. Nilikagua kola. Na ndipo muuza chai wa pale getini chuoni, ambaye anajua habari za chuo kizima kuliko mlinzi, aliponiambia, mwenzangu usinitaje, lakini shemeji alikaa juzi kwenye benchi la nyuma na mwanamke aliyejifunika ushungi mpaka machoni, mwanamke analia, naye anampa kitambaa chake. Nilirudi nyumbani nikapekua nguo chafu zote. Kitambaa cha mkononi nilichomdarizia ua jekundu, zawadi yangu ya kwanza kwake, hakikuwemo. Jioni nilimwuliza, akasema amemwazima mtu mwenye shida. Hakusema nani.

Wiki iliyofuata chuo kilipokea barua isiyo na jina kwenye sanduku la maoni. Ilisema mtafiti wao ana mapenzi na mwanamke anayemwita Namba Tisa, na kwamba wamwulize mwanamke huyo ni nani. Maadui zake walifurahi kama wamepata likizo. Kamati ikaundwa. Wakamwambia mambo ni mepesi, ataje jina la huyo Namba Tisa, aletwe, aulizwe, yaishe. Asipotaja, utafiti wote unafungwa, miaka minne, na yeye anatafuta kazi nyingine. Wakampa siku saba.

Alinieleza akiwa ameketi hapa mezani, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi. Alisema jina la mtu aliyemwamini si mali yake, hawezi kuligawa. Nilimwambia kwa ukali kwamba huyo Namba Tisa lazima ni wa thamani sana. Aliniangalia kwa macho yale ya mtu mwaminifu, akasema ndiyo, ni wa thamani sana. Tangu siku ile akawa haingii tena kwa hodi. Anasukuma mlango tu, kama mtu anayeingia stoo. Nikajua, basi, amekwisha kwenda kwake.

Siku ya saba alitoka asubuhi kwenda kwenye kamati akiwa amevaa koti la arusi. Ufunguo wa droo ulikuwa kwenye koti lake la kila siku, nyuma ya mlango. Sikujitetea moyoni, dada, nilitaka tu kuuona uso wa aliyenishinda. Nikafungua droo, nikakaa, nikasoma.

Nitakwambia niliyoyasoma. Kwa mtu mwingine ingekuwa ni kuvunja siri. Kwako wewe sivunji kitu.

Namba Tisa ana maneno! Siku ya kwanza alimwuliza mume wangu, wewe mwenye kalamu, mama yako anajua uko hapa? Alimwambia asiandike kwamba alilia, maana hakulia, alikuwa na mambo mengi ya kufikiria. Alisema ana mdogo wake, wazazi wameshatangulia wote wawili, na mdogo huyo ana kichwa chepesi cha masomo ila ni mzito wa kupika. Alisema humwambia anashona sare kwa mtu. Alisema alimnunulia sweta ya shule kubwa kupita kiasi, akakunja mikono mara nne, na kila mwaka alifungua mkunjo mmoja, na kila alipofungua alijiambia bado mwaka huu tu, bado huu tu. Mdogo wake alipotoka kwenye mtihani wa mwisho, yeye siku hiyo hiyo alikabidhi ufunguo wa kile chumba, akanunua cherehani, hakurudi tena.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mwezi uliopita, wino bado mweusi. Iliandikwa kwamba Namba Tisa amekuja mwenyewe, hakualikwa. Hakuuliza habari za utafiti. Aliuliza kama mdogo wake ana furaha. Aliuliza kama bado analala na soksi. Alipojibiwa kwamba ndiyo, na kwamba zimetoboka, ndipo alipolia. Aliulizwa kwa nini asiende tu kumtembelea. Akasema anaogopa kwamba wakikaa watatu chumba kimoja, jicho la mmoja litateleza.

Dada, soksi zangu nilikuwa nazo miguuni.

Chai ya kwenye kikombe ilipata ngozi. Kisha nikakumbuka kwamba niliapa. Nikatafuta penseli, nikaweka alama juu ya ukurasa kama kanuni ya pili inavyosema, nikafunga jalada, nikalikumbatia, nikatoka mbio nikiwa na sweta na kandambili.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizungusha tangu mwanzo wa barua. Ile barua isiyo na jina niliiandika mimi. Niliiandika hapa hapa, kwa herufi kubwa, nikaitia kwenye sanduku nikijifanya nampelekea mume wangu chakula. Mimi, mkewe, niliyemkimbilia kituoni. Wote wale niliokuwa nawachukia, mama mwenye nyumba, kinyozi, shangazi, hakuna aliyemfanyia alichofanyiwa na mimi.

Niliingia kwenye ule ukumbi bila kubisha. Meza ndefu, watu sita, na yeye mwisho kabisa peke yake. Nikasema barua ile ni yangu, ni wivu, sina ushahidi wa chochote. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, hakuniamini, akadhani natetea ndoa. Nikaomba karatasi, nikaandika maneno yale yale kwa herufi zile zile mbele yao, akalinganisha, akavua miwani. Akaniuliza kwa hiyo huyu Namba Tisa ninamjua? Nikamwambia simjui, ni namba tu. Kisha nikamwendea mume wangu nikampa jalada. Alilifungua kidogo, akaiona penseli, akalifunga. Masikio yake tu yalikuwa mekundu.

Utafiti haukufungwa. Yeye amepewa onyo kali kwa kumpa mkewe kazi ya siri, na mimi nimepigwa marufuku kugusa jalada lolote, na ni haki yangu. Tulirudi kwa miguu. Njiani ndipo nilipopata akili nikamwuliza alijua tangu lini kwamba barua ni yangu. Akasema tangu iliposomwa. Duniani ni watu wawili tu waliojua kwamba Namba Tisa si namba kama nyingine, yeye na mchapaji wake. Siku saba alijua, dada, na hakunitaja, kama ambavyo hakumtaja Namba Tisa. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia kwa kwikwi, wapita njia wakadhani nimepigwa.

Siku tatu aliingia bila hodi. Sikulalamika. Juzi jioni nikiwa nakuna nazi nikasikia mlango unabishwa, taratibu, mara tatu. Niliitupa nazi nikasema karibu mara tatu.

Kuhusu lile jambo hatujaongea, wala hatutaongea. Tumeapa. Na wewe sikuulizi chochote, si leo, si siku nyingine. Ukitaka kuniambia una oda ya sare, nitakwambia pole na kazi. Ila nikuungamie kimoja cha mwisho. Wivu wangu haujaisha, umehama. Sasa namwonea wivu mume wangu. Miaka yote ile yeye ndiye aliyeambiwa habari za yule mdogo mtu na sweta yake, na mdogo mtu mwenyewe hakuambiwa.

Jumapili hii tuko nyumbani kutwa. Viti sasa ni vitatu, cha tatu nimekinunua juzi. Jicho la mtu likiteleza, liteleze, tutaliokota. Kama unamfahamu mtu mwenye kitambaa cha ua jekundu, mwambie asihangaike kukirudisha, nimemdarizia shemeji yako kingine. Na uje na sindano, tafadhali. Ule mkunjo wa nne umeanza kuachia uzi, nami sitaki mtu mwingine aufungue.

Shemeji yako anakusalimu sana, anasema ukifika usibishe hodi. Msalimie paka, na watoto wake kama wapo. Wasalimie na majirani wote wanaoniulizia.

Wako akupendaye, mwenye soksi zilizotoboka,

Bi Mikono